Joto mahususi la samaki lililotoka hasi: kubadili konstanti kutoka futi na pauni

Swali limeletwa na mwanafunzi wa ufundi mitambo aliye fildi mkoani Kigoma. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Niko fildi kwenye kiwanda kidogo cha barafu hapa Kigoma, tunawauzia wavuvi na wachuuzi wa samaki. Mashine ni ya zamani na kitabu chake kimeandikwa kwa futi, pauni na Farenhaiti, wakati chuoni tulisoma kwa kilo na Kelvin. Nilijaribu kubadili joto mahususi la samaki, 0.85 BTU kwa pauni kwa digrii ya Farenhaiti, nikapata hasi 0.115. Halafu konstanti ya gesi ya hewa: kitabu cha chuo kinasema 287, cha mashine kinasema 53.35, mtandaoni nimeona 1716 na 0.0686. Ipi ni sahihi? Na bosi anataka kujua kwa nini mashine ya tani 5 haijawahi kufikisha tani 5 za barafu kwa siku. Tunaishia tatu na kidogo."

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo hasi, kwa sababu ukiiamini itabidi ukubali pia kwamba samaki kama mgebuka ukimtia joto anapoa.

Najua ulikopita. Uliandika 0.85 BTU, kizio cha joto cha Kiingereza, juu, pauni moja na digrii moja ya Farenhaiti chini. BTU ukaigeuza kilojuli, sawa. Pauni ukaigeuza 0.4536 kg, sawa. Ulipofika kwenye digrii moja ukachukua kanuni ya shuleni, toa 32 gawa kwa 1.8, ukapata hasi 17.2. Ukaiweka chini ya mstari, na jibu zima likageuka hasi. Kikokotoo hakina kosa. Kanuni yenyewe ni sahihi, ila imeitwa kazi isiyo yake.

Ile 32 inahusu kusoma kipimajoto, yaani jotoridi liko wapi. Joto mahususi, yaani joto linalohitajika kupandisha kilo au pauni moja ya kitu kwa digrii moja, haliulizi jotoridi liko wapi, linauliza limepanda kwa kiasi gani. Kutoka 50°F hadi 68°F ni hatua 18 za Farenhaiti. Kipimajoto hichohicho kikisomwa kwa Selsiasi kimetoka 10 kwenda 20, hatua 10. Kumi na nane kwa kumi ni 1.8, na 32 haijaonekana popote, kwa sababu ipo pande zote mbili za utoaji na inajifuta yenyewe. Hatua moja ya Selsiasi ni hatua 1.8 za Farenhaiti. Hatua ya Kelvin ni sawasawa na ya Selsiasi, na hatua ya Rankine, kipimo cha Kiingereza kinachoanzia sifuri halisi kama Kelvin, ni sawasawa na ya Farenhaiti. Kwa hiyo kila unapokuta "kwa digrii" chini ya mstari, iwe ni joto mahususi, upitishaji joto au konstanti ya gesi, unashughulika na 1.8 peke yake.

Rudia sasa: 0.85 BTU ni 0.8968 kJ. Zidisha kwa 1.8, gawa kwa 0.4536, unapata 3.56 kJ kwa kilo kwa Kelvin. Maji ni 4.19. Sehemu kubwa ya samaki ni maji, kwa hiyo kukaa chini kidogo ya maji ndiko tunakotarajia. Ukaguzi wa namna hii usiuache hata siku moja. Kabla hujaandika jibu kwenye ripoti ya fildi, jiulize kama linafanana na kitu unachokijua.

Ipo njia fupi pia, na kwa kazi yako ya barafu itakuokoa muda mwingi. BTU ilizaliwa kama joto la kupandisha pauni moja ya maji kwa digrii moja ya Farenhaiti. Kilokalori ilizaliwa kama joto la kupandisha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Vizio vyote viwili viliyapa maji namba moja. Matokeo yake, joto mahususi la kitu chochote kwa BTU/(lb·°F) lina tarakimu zilezile kwa kcal/(kg·°C): samaki ni 0.85 huku na 0.85 kule. Ukitaka kilojuli, zidisha kwa 4.1868 tu. Namba hii haikukadiriwa. BTU ya vizio vya kimataifa imewekwa kwa makusudi, juli 1055.056, ili itoke hivyo hasa. 0.85 × 4.1868 = 3.56, umemaliza.

Pale ambapo hakuna digrii chini ya mstari, kama joto fichu (la kuyeyusha au kugandisha kitu bila jotoridi kubadilika) au enthalpi (jumla ya joto lililomo kwenye kitu), 1.8 haihusiki, unabaki na 4.1868 ÷ 1.8 = 2.326. Joto fichu la barafu kwenye kitabu chako bila shaka ni 144 BTU kwa pauni. Mara 2.326 ni 335 kJ kwa kilo, na vipimo vya makini vinatoa 333.6, maana waandishi wa zamani waliikweza 143.4 ikawa 144 iliyo rahisi kugawanyika. Utakutana pia na BTU nyingine ya wanakemia, juli 1054.35. Tofauti ni saba katika elfu kumi. Samaki haitambui, nawe usiipotezee usingizi.

Sasa konstanti ya gesi, ile R inayounganisha presha, ujazo, tungamo na jotoridi la gesi. Zote nne ulizozitaja ni sahihi. Kilichokuchanganya ni kwamba umenitajia namba bila vizio vyake, na konstanti iliyovuliwa vizio haina maana yoyote. Huwezi kusema 287 ni kubwa kuliko 53.35, kama usivyoweza kusema kilo 3 ni nyingi kuliko lita 2.

Anza na ile ya chuo, 287.05 J/(kg·K). Usitafute mtandaoni kigawanyo kilichokwisha kupikwa. Badili kizio kimoja kimoja, mahali kilipo. Juli iko juu: juli moja ni 0.73756 ya futi-pauni, zidisha. Kilo iko chini: kilo moja ni pauni 2.20462, gawa. Kelvin iko chini: ni hatua 1.8 za Rankine, gawa. 287.05 × 0.73756 ÷ 2.20462 ÷ 1.8 = 53.35. Hiyo ndiyo ya kitabu cha mashine, ft·lbf/(lb·°R).

Ukitaka joto badala ya kazi ya mitambo, BTU moja ni futi-pauni 778.17, uhusiano ambao James Joule aliutafuta kwa miaka mingi akitumia vizito vinavyoshuka na kukoroga maji. Gawa 53.35 kwa 778.17, unapata 0.0686 BTU/(lb·°R). Ungeweza pia kutoka 287.05 moja kwa moja kwa kugawa kwa 4186.8, ni njia fupi ileile ya juu. Na kama kitabu kinataka presha kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba, na ujazo kwa futi za ujazo, gawa 53.35 kwa 144, kwa kuwa futi ya mraba ina inchi za mraba 144, utapata 0.3705. Hiyo nayo utakutana nayo siku moja, usishtuke.

Inabaki 1716, na hapa ndipo vipimo vya Kiingereza vinapochosha kweli. Wenyewe wana pauni mbili: pauni ya tungamo, yaani wingi wa kitu, na pauni ya kani, yaani nguvu inayokivuta kitu hicho chini. Chini ya mvuto wa kawaida wa dunia zina tarakimu sawa, na kwa sababu hiyo watu huzisahau kuwa ni mbili. Lakini kani ni tungamo mara mchapuko, na mchapuko wa mvuto ni futi 32.174 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa hiyo ukitumia F = ma kwa pauni zote mbili lazima ugawe kwa 32.174, la sivyo jibu linakuwa kubwa mara thelathini na mbili. Wahandisi wa ndege waliona kero hiyo wakatumia kizio kingine cha tungamo, slagi, yenye pauni 32.174. Zidisha 53.35 kwa 32.174, unapata 1716. Wewe mtu wa barafu achana nayo, lakini usiichomeke kwenye hesabu ya pauni.

Ile 32.174 hujificha zaidi kwenye nishati ya mwendo. Kwa metriki, mvuke unaotoka kwenye bomba la mnyunyizo kwa mita 304.8 kwa sekunde una nusu ya mwendo mraba, juli 46,450 kwa kilo, basi. Kwa vipimo vyao mwendo huo ni futi 1,000 kwa sekunde, na ili upate BTU kwa pauni unagawa mwendo mraba kwa 2 × 32.174 × 778.17, ambayo ni takriban 50,070. Unapata 19.97. Hakiki: 46.45 ÷ 2.326 = 19.97. Ukiona kitabu kinagawa kwa "50,000" bila maelezo, ujue imetoka huko.

Utaniuliza kwa nini tusiachane na vipimo hivi tukabaki na metriki. Sheria na mitaala tayari iko huko. Lakini fundi pancha hapo Kigoma anapima upepo kwa psi, bomba la maji unalinunua la nusu inchi, kiyoyozi kinauzwa kwa BTU, injini ya boti kwa farasi. Hata reli: ile ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000 kamili, mita moja, na hii mpya ya SGR inayojengwa ni milimita 1,435, ambazo ni futi 4 na inchi 8 na nusu. Ya kale ni ya metriki na ya kisasa ni ya futi. Jifunze zote mbili tu.

Turudi kwenye 32 niliyoifukuza hapo juu, kwa sababu kuna mahali ambapo namba za aina yake, za kuhamisha sifuri, zinahitajika. Katika sheria ya gesi, PV = mRT (presha mara ujazo ni tungamo mara R mara jotoridi), jotoridi si hatua. Ni jotoridi lenyewe, kuanzia sifuri halisi. Hapo lazima uongeze 273.15 kwenye Selsiasi upate Kelvin, au 459.67 kwenye Farenhaiti upate Rankine. Kanuni moja ina vyote viwili: ndani ya R digrii ni hatua, na T ni usomaji.

Presha nayo ina mtego wa aina hiyohiyo, na kwenu huku una sura ya pekee. Geji inasoma presha iliyozidi ile ya hewa ya nje. Sheria ya gesi inataka presha kamili. Vitabu vyote vitakwambia uongeze 14.7 psi, au 101.3 kPa. Hiyo ni ya usawa wa bahari, ya Dar es Salaam. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari, na hapo presha ya hewa kwa kawaida ni kama 92.4 kPa, yaani 13.4 psi. Tabora, kwenye mita kama 1,200, ni 87.7 kPa, psi 12.7. Tofauti si ya kupuuza.

Chukua tangi la kompresa la futi za ujazo 10, geji inasoma psi 100, jotoridi 86°F, yaani 30°C. Kuna hewa kiasi gani ndani? Presha kamili ni 113.4 psi. Zidisha kwa 144 upate pauni kwa futi ya mraba, 16,330. Jotoridi ni 86 + 459.67 = 545.67. Tungamo ni 16,330 × 10 ÷ (53.35 × 545.67) = pauni 5.61. Fanya tena kwa metriki bila kuchungulia jibu la kwanza: 781.9 kPa, mita za ujazo 0.2832, Kelvin 303.15, R ni 0.28705 kwa kilojuli. Unapata kilo 2.54, na pauni 5.61 ni kilo 2.54. Ukisahau kuongeza presha ya hewa unapata pauni 4.9, kosa ambalo halionekani kwa macho, na kwangu hilo ni baya kuliko hasi yako ya 0.115, kwa sababu hasi ilikushtua. Ukisahau ile 144 unapata hewa ya uzito wa vipande vichache vya dagaa, na hapo angalau utacheka.

Bosi sasa. Tani iliyoandikwa kwenye mashine si tani ya barafu. Tani ya ubaridi ni kasi ya kuondoa joto: lile linaloyeyusha tani fupi ya Kimarekani ya barafu, pauni 2,000, kwa saa 24. Pauni 2,000 mara 144 gawa kwa 24 ni BTU 12,000 kwa saa, sawa na kW 3.517. Kwa hiyo mashine ya tani 5 inaondoa kW 17.6, na kuna mambo matatu yanayokula tani zenu.

La kwanza, tani fupi ni kilo 907, na nyinyi mnauza barafu kwa tani ya kilo 1,000. La pili ndilo kubwa: hesabu ya tani ya ubaridi inachukulia maji yameshafika sifuri. Maji yenu yanatoka ziwani. Tuseme yanaingia na 26°C na barafu inatoka ikiwa hasi 5. Kwa kila kilo unaondoa 4.19 × 26, yaani kJ 109, ili ifike sifuri, kisha 334 ili igande, kisha 2.1 × 5, kama 10 na nusu, ili ishuke chini ya sifuri. Jumla ni kama 453. Karibu robo ya kazi yote inakwisha kabla hata ukoko wa kwanza wa barafu haujaonekana. Kilowati 17.6 kwa sekunde 86,400 za siku ni megajuli 1,519. Gawa kwa 453 kwa tani, unapata tani 3.35. La tatu ni hasara: kuta zinazopitisha joto, mlango unaofunguliwa kila mteja akija, umeme unaokatika. Pia uwezo wa kompresa wenyewe hutegemea jotoridi la kuvukizia, yaani lile ambalo gesi ya mashine inachemkia ndani ya mabomba ya baridi. Kama tani 5 zilipimwa kwenye hali ya kiyoyozi cha chumbani, kwa barafu uwezo utashuka sana. Mkipata tatu na kidogo, mwambie bosi mashine inajitahidi. Akitaka nyongeza bila kununua nyingine, aanze kwa kuyapoza maji kabla hayajaingia, kwa kutumia maji baridi yanayomwagika kutoka kwenye barafu iliyoyeyuka.

Kuna aina moja ya konstanti hukuniuliza lakini kitabu chako lazima kinayo, na ndiyo inayowakwamisha mafundi wazoefu. Ni zile namba fupi zilizomeza vitu ndani yake. Kwa maji utaona: joto kwa saa = 500 × galoni kwa dakika × tofauti ya jotoridi. Hiyo 500 ni uzito wa galoni ya Kimarekani, pauni 8.34, mara dakika 60, mara joto mahususi la maji ambalo ni 1. Ukiibadili kwa utaratibu wetu unapata 4.18 kW kwa kila lita kwa sekunde kwa kila Kelvin, yaani maji yenyewe. Lakini kama kitabu kimechapwa Uingereza, galoni yao ina lita 4.546 badala ya 3.785 na uzito wa pauni 10, na namba inakuwa 600. Angalia kimechapwa wapi kabla hujagusa kikokotoo.

Ya mnunurisho, yaani joto linalosafiri kama miale, ile ya Stefan na Boltzmann, nitaipita haraka: 5.67 × 10⁻⁸ W/(m²·K⁴). Huko Kelvin imepandishwa kipeo cha nne, kwa hiyo unagawa kwa 1.8 mara nne, yaani 10.5, pamoja na 10.764 ya futi za mraba, na unazidisha kwa 3.412 kugeuza wati kuwa BTU kwa saa. Inatoka 0.1712 × 10⁻⁸. Vitabu vingi vimeandika 0.1714. Usidhani umekosea, andika 0.1712.

Kwa feni ya chumba cha baridi ni 1.08 × futi za ujazo kwa dakika × tofauti ya jotoridi. Ndani ya 1.08 kuna densiti ya hewa, pauni 0.075 kwa futi ya ujazo, mara 60, mara 0.24 ya joto mahususi. Kwa metriki inakuwa 1.21 kW kwa mita ya ujazo kwa sekunde kwa Kelvin. Umeibadili vizuri na bado ni ya uongo kwa Kigoma, kwa sababu densiti hiyo ni ya usawa wa bahari. Kwenu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 9, kwa hiyo tumia 0.985 badala ya 1.08, au 1.10 badala ya 1.21, kisha urekebishe tena kwa jotoridi la chumba, maana hewa ya baridi ni nzito kuliko ile ya 21°C waliyoipimia wao. Kwenye hasi 5 unairudisha karibu yote uliyoipunguza. Kwa hiyo ukiona hesabu yako ya feni inakubaliana na ya kitabu bila marekebisho yoyote, ni hayo mawili yamefutana tu, na ukiihamishia kwenye chumba cha kutunzia samaki wabichi kwa 2°C itakukosesha kwa zaidi ya asilimia mbili.